Doa jeusi kwenye ncha ya mzizi: ninavyolisoma kabla ya kushika drili

Mwaka wangu wa pili kazini nilitoboa jino zima, jino hai, la mama aliyeniamini. Alikuwa na miaka 43, muuza dagaa mwaloni, na alikuja kwa sababu fizi za meno yake ya chini ya mbele zilikuwa zinatoka damu. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye kiti. Nikapiga eksirei. Kwenye filamu, chini ya ncha za mizizi ya meno matatu, namba 41, 31 na 32, kulikuwa na madoa meusi ya duara, kila moja kama punje ya choroko. Nikaamua papo hapo: meno yamekufa, yana usaha kwenye ncha, yanahitaji tiba ya mzizi, yaani kutoboa jino, kusafisha mfereji wake na kuujaza. Sikumchoma ganzi, maana jino lililokufa haliumi. Alianza kukunja uso mapema, nikadhani ni woga. Drili ilipofika kwenye kiini aliruka, na damu nyekundu mbichi ikachuruzika kutoka kwenye tundu nililolitoboa mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia huku ameshika kidevu, "mbona hilo jino halikuwa linaniuma?"

Hakuna hata moja kati ya meno yale lililokuwa limeoza. Hakuna lililokuwa limevunjika wala kubadilika rangi. Alichokuwa nacho kinaitwa displasia ya simento (ganda la nje la mzizi) na mfupa: mfupa wa kwenye ncha ya mzizi hubadilika wenyewe taratibu, bila vijidudu na bila maumivu, na jino linabaki hai. Humpata zaidi mwanamke mweusi wa makamo, na mahali pake hasa ni meno ya chini ya mbele. Yaani mgonjwa wangu alikuwa kama amechorwa kwenye kitabu, nami sikumtambua. Haikuhitaji drili, kisu wala vidonge.

Ni miaka 14 sasa. Bado niko hospitali ya wilaya, kando ya Ziwa Victoria. Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza, matabibu wa meno na madaktari wapya mlio na mashine moja ya eksirei ukutani na hamna bingwa wa kumuuliza saa tisa alasiri foleni ikiwa ndefu. Wagonjwa nao wanaweza kusoma, wajue kwa nini daktari anagusisha barafu kwenye meno yao kabla ya kuwapa jibu.

Anza na jino

Picha inaonyesha mfupa uliopungua au ulioongezeka. Haionyeshi kama kiini cha jino kiko hai. Hilo linaulizwa jino lenyewe, na linaulizwa kabla hujaiangalia filamu, kwa sababu ukishaliona doa jeusi akili inaanza kutafuta ushahidi wa kuunga mkono doa.

Mimi hutumia barafu. Chukua kile kifuniko cha plastiki cha sindano, kijaze maji safi, kisimamishe kwenye friza usiku kucha. Asubuhi kishike kwenye kiganja kwa sekunde chache, kijiti cha barafu kinateleza na kutoka. Kaushe meno kwa pamba. Gusa kwanza jino la upande wa pili ambalo unajua ni zima, ili mgonjwa ajue anachotakiwa kuhisi. Kisha jirani. Jino unalolishuku liwe la mwisho. Weka barafu karibu na shingo ya jino, hesabu hadi tano, naye ainue mkono akihisi baridi na aushushe baridi ikiisha.

Mkono ukipanda na kushuka haraka, kiini kiko hai. Ukipanda ukakawia juu, na uso ukakunjamana, kiini kinaungua. Usipopanda kabisa, huenda jino limekufa. Nasema huenda, kwa maana mzee ambaye kiini chake kimesinyaa, jino lenye kofia, au jino lililopigwa wiki iliyopita linaweza kukaa kimya na bado liko hai. Na gego lenye mizizi miwili au mitatu linaweza kufa mzizi mmoja, mwingine ukabaki unajibu.

Baada ya barafu, gonga taratibu kwa mpini wa kioo cha mdomoni. Bonyeza fizi sawasawa na ncha ya mzizi. Zungusha probu, kijiti chembamba cha kupimia, kwenye fizi ukipima kina chake hatua kwa hatua, usirukeruke. Ukikuta fizi imeshika vizuri pande zote, halafu mahali pamoja pembamba probu inazama milimita 8 au 9 ghafla, hiyo ni dalili ya mzizi uliopasuka kwa urefu, hasa kwenye jino lililowahi kutibiwa mzizi. Kumbuka hilo, tutalikuta tena kwenye picha.

Mwisho jiulize jino limekufaje. Kuoza, jazo la zamani lililo karibu na kiini, ufa, kipigo cha utotoni, kuanguka na bodaboda. Usipopata sababu, punguza mwendo. Huku Kanda ya Ziwa nina sababu moja ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja tu: sikoseli. Chembe za damu zilizojikunja zinaweza kuziba mishipa midogo ya kiini, jino likafa likiwa halina hata alama ya kuoza. Kwa hiyo kwa kijana mwenye doa jeusi chini ya jino safi lisilojibu barafu, nauliza kuhusu sikoseli kabla ya kuuliza lolote lingine.

Picha yenyewe iwe ya kusomeka

Picha mbaya huzaa majina mabaya. Ncha ya mzizi ionekane yote, pamoja na milimita 2 au 3 za mfupa chini yake. Tumia kishikio cha filamu kila mdomo unaporuhusu, ili filamu iende sambamba na jino. Ukimwambia mgonjwa aishike kwa kidole, filamu hujipinda na mzizi hurefuka au kufupika, na ukubwa wa doa hauna maana tena.

Sisi tunaosafisha filamu kwa mkono tuna adui mwingine, joto. Developa, dawa ya kutokeza picha, ikiwa nyuzi 20 filamu hukaa dakika 5. Chumba chetu mchana hufika nyuzi 27, na hapo dakika 2 na nusu zinatosha. Ukiiacha tano, picha yote inakuwa nyeusi na kila ncha inaonekana ina ugonjwa. Dawa iliyochoka hufanya kinyume: filamu inapauka na doa la kweli linafichika. Mimi nimening'iniza kipimajoto kwenye ukuta wa sanduku la kusafishia na nimebandika jedwali la dakika kando yake. Kama mna sensa ya kompyuta hamna shida hiyo, ila msichezee kitufe cha kuongeza weusi hadi mpate mnachokitaka.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba picha huchelewa. Mfupa hupoteza sehemu kubwa ya madini yake, vitabu vyetu hutaja asilimia 30 hadi 50, ndipo filamu ianze kuonyesha. Mwaka 1961 watafiti Bender na Seltzer walichimba mashimo kwenye mataya ya maiti wakayapiga picha: mashimo yaliyokuwa ndani ya mfupa laini tu hayakuonekana vizuri, mpaka yalipogusa ganda gumu la nje. Ndiyo maana mtu anaweza kuja amevimba, halali, ukigusa jino anaruka, na picha yake ni safi au ina nafasi ya ligamenti (nyuzi zinazoshika jino kwenye mfupa) iliyopanuka kidogo tu. Jipu changa liko hivyo. Usimrudishe nyumbani kwa sababu filamu ni nzuri.

Fuata mstari mweupe

Sasa weka filamu kwenye kisanduku cha taa, zima taa ya chumba, na chukua ncha ya kalamu. Kuzunguka mzizi wa jino zima kuna uzi mwembamba mweusi, ndiyo nafasi ya ligamenti, na nje yake uzi mweupe, lamina dura, ukuta wa tundu linaloshika jino. Anza juu upande mmoja, shuka na kalamu, zunguka ncha, panda upande wa pili. Usiangalie doa. Angalia mstari.

Ukikatika kwenye ncha, na weusi ukaanzia pale pale kama tone linaloning'inia kwenye mzizi, na barafu haikujibiwa, una ugonjwa uliotoka ndani ya jino. Ukipita mzima juu ya doa jeusi, yaani doa linaonekana nyuma ya mstari, huenda hilo doa si la jino kabisa. Weusi ukianzia juu kwenye ukingo wa fizi na kushuka, fikiria ugonjwa wa fizi kwanza. Na weusi ukizunguka ncha halafu ukapanda ubavuni mwa mzizi kama ndoano au herufi J, rudi kwenye ile probu iliyozama milimita 9. Viwili hivyo vikikutana, mzizi umepasuka, hata kama ufa wenyewe huuoni.

Piga picha ya pili. Najua mashine ni moja na foleni ni ndefu, lakini picha ya pili ndiyo imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote. Sogeza bomba nyuzi kama 20 kuelekea mbele au nyuma, filamu ibaki ilipokuwa. Kanuni aliyoieleza Clark mwaka 1910 bado ni ile ile: kitu kinachofuata bomba kiko upande wa ulimi, kinachokwenda kinyume nalo kiko upande wa shavu. Na kitu kilichoshikamana na ncha ya mzizi hakiachani nayo hata ukisogeza bomba vipi.

Hapo ndipo utayatambua madoa yasiyo ugonjwa. Chini ya magego madogo ya taya la chini kuna tundu la neva ya kidevu, linalopenda kukaa sawasawa na ncha ya jino namba 35 au 45. Sogeza bomba, nalo linahama. Juu, katikati ya meno mawili ya mbele, kuna tundu la kaakaa. Likiwa chini ya milimita 6 ni la kawaida, likipita 10 fikiria kifuko cha maji cha mfereji ule, ambacho nacho hakihusiani na jino. Sinasi ya shavu hushuka katikati ya mizizi ya magego ya juu kama mkono ulioshika vidole. Na mtoto wa miaka 7 au 8 ana weusi wa duara chini ya kila mzizi ambao bado unakua. Linganisha na jino lile lile la upande wa pili: kama yanafanana, acha.

Kama kuna kitundu cha usaha kwenye fizi, usikisie kimetoka jino gani. Chukua kijiti cha gatapecha (mpira wa kujazia mfereji wa mzizi) namba 25 au 30, kisafishe kwa spiriti, kipenyeze taratibu kwenye kitundu hadi kikwame, kisha piga picha. Kitakuelekeza chenyewe kwenye mzizi wenye ugonjwa. Nimewahi kuona kitundu kilichokaa juu ya chonge kikitoka kwenye gego dogo la nyuma yake, na laiti tungefuata macho tungeng'oa chonge lisilo na kosa.

Granuloma, sisti, jipu

Hili ndilo swali ambalo kila mwanafunzi huniuliza, na jibu langu huwa haliwafurahishi. Jino limekufa, doa limeanzia kwenye ncha, mstari umekatika. Je, ni granuloma, yaani nyama laini ya uvimbe, au ni sisti, kifuko chenye maji na ngozi yake ndani?

Kwa filamu ya kawaida hutajua kwa hakika. Tulifundishwa kwamba doa dogo lenye ukingo hafifu ni granuloma, na doa kubwa la duara, lililozidi sentimita moja na kuzungukwa na mstari mweupe mkali, ni sisti. Ukubwa unaongeza uwezekano, ni kweli. Mstari mweupe nao unasema jambo hilo linakua polepole. Lakini Nair na wenzake, mwaka 1996, walichunguza kwa darubini vidonda 256 vilivyotolewa pamoja na meno yake, wakavikata vipande mfululizo bila kuruka. Granuloma zilikuwa asilimia 50, majipu asilimia 35, na sisti asilimia 15 tu. Kati ya hizo sisti, 9 katika kila vidonda mia zilikuwa zimejifunga kabisa zenyewe, na 6 zilikuwa zimefunguka kuelekea mfereji wa mzizi. Ni darubini iliyosema hivyo.

Ninachotaka mkichukue hapo ni cha tiba zaidi ya jina. Zote tatu chanzo chake ni kimoja, vijidudu ndani ya mfereji, na zote zinaanza kutibiwa kwa njia moja: safisha mfereji vizuri, ujaze, usubiri. Granuloma hupona. Sisti iliyofunguka kwenye mfereji inaweza kupona. Ile iliyojifunga inaweza kugoma, na hapo ndipo upasuaji mdogo wa ncha unapokuja. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa "una sisti, inabidi upasuliwe" kwa kutazama duara la milimita 12. Mwambie jino limekufa, mfupa umeliwa, tunasafisha, tutapiga picha tena.

Kuna alama chache zinazonifanya niegemee sisti kabla ya tiba: fizi au kaakaa limevimba bila maumivu na ukilibonyeza linabonyea kama mpira, mizizi ya majirani imesukumwa kando, na nikivuta kwa sindano kubwa napata maji ya rangi ya majani makavu yanayometameta kwenye taa. Mng'ao ule ni vijisahani vya kolesteroli. Nikipata usaha, ni jipu au sisti iliyoingiliwa. Nikipata damu inayojaza bomba la sindano kwa kasi, nasimama hapo hapo, sigusi jino, naandika rufaa.

Weupe nao husomwa

Watu huogopa weusi wakasahau weupe. Kijana mwenye gego la chini lililooza kwa muda mrefu anaweza kuwa na mfupa mweupe mzito kuzunguka ncha badala ya weusi, kwa sababu mwili ulijibu uvimbe wa polepole kwa kuongeza mfupa. Hilo linatibiwa kama jino lenye ugonjwa. Weupe ule ule chini ya jino zima linalojibu barafu ni mfupa tu uliokazana, uache. Mzizi ulionenepa kama rungu, lakini uzi mweusi wa ligamenti umepita nje ya unene huo wote, ni simento iliyozidi, uache pia, ila siku ya kuling'oa ujiandae kwa jasho. Na donge jeupe lililoganda kwenye mzizi wa gego la kwanza la chini hadi umbo la mzizi limepotea ndani yake, na pete nyeusi nje, kwa kijana anayelalamika maumivu, huenda ni simentoblastoma. Hilo ni la bingwa.

Ile displasia ya mama yangu wa dagaa hupitia hatua zote. Mwanzo ni nyeusi kabisa, ndipo tunapodanganyika. Baadaye punje nyeupe hujitokeza katikati, na mwisho donge lote huwa jeupe lenye pete nyembamba nyeusi. Nilimtibu mzizi jino moja nililoliharibu, mawili nikayaacha, nikamweleza ukweli wa nilichokosea. Baada ya miaka minne alirudi kusafishwa meno. Barafu ilijibiwa, na kwenye filamu madoa mawili yalikuwa na vituo vyeupe kama kiini ndani ya mbegu. Usiyachokonoe na usichukue kipande cha kupima: mfupa ule una damu kidogo na ukiuumiza unaambukizwa vibaya.

Vitu vinavyojifanya doa la jino

Hapa naomba msome taratibu.

Ameloblastoma ni uvimbe ambao sisi wa Afrika Mashariki tunaukuta mara kwa mara, hasa nyuma ya taya la chini, kwa vijana na watu wa makamo. Mwanzoni unaweza kukaa chini ya ncha ya gego na kufanana na sisti kabisa. Mtazame mgonjwa kwa juu na pima taya kwa vidole viwili, nje na ndani: ameloblastoma hutanua taya pande zote mbili. Kwenye picha mizizi imekatwa kama kwa kisu, na weusi umegawanyika vyumba vyumba kama povu la sabuni. Keratosisti, aina nyingine ya sisti ya taya, ni kinyume chake, hutambaa kwa urefu ndani ya mfupa na taya halitanuki sana, ndiyo maana hugunduliwa imeshakula nusu ya taya. Katika vyote viwili meno mara nyingi bado yanajibu barafu. Doa kubwa pamoja na meno hai ni maneno mawili yasiyopaswa kukaa kwenye faili moja bila rufaa.

Kwa watoto nina hofu nyingine. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 saratani ya mataya ya watoto wa Afrika ambayo leo ina jina lake. Inafuata ukanda wa malaria, na sisi wa ziwani tumo. Mvulana wa miaka 6 aliletwa kwangu na bibi yake kutoka kisiwani. Fizi ilianza kuvimba wiki mbili nyuma, magego ya utotoni yalikuwa yanacheza, na kule alikopitia kwanza walishang'oa mawili. Hakukuwa na jino lililooza kiasi cha kueleza uvimbe ule. Kwenye filamu ile mistari myeupe haikuwepo, si kwenye jino moja, bali kwenye yote, hata ile inayozunguka mbegu za meno ya ukubwani. Meno yalikuwa kama yanaelea. Sikung'oa kitu. Nilipiga simu, nikaandika barua, wakaondoka siku ile ile kwa hospitali ya rufaa ya kanda. Uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miezi, na unaitikia dawa za saratani vizuri ukiwahiwa. Miezi mitano baadaye alirudi nywele zikianza kuota, bibi yake akanipigia magoti nikamwinua.

Kwa mtu mzima, weusi wenye kingo zilizochanika, jino linalocheza bila ugonjwa wa fizi, na mdomo wa chini ulioingia ganzi wenyewe, hiyo ni saratani hadi ithibitike vinginevyo. Muulize mwanamke kama amewahi kutibiwa saratani ya titi, maana inaweza kuhamia kwenye taya. Mistari myeupe ikipotea kwenye meno mengi ya mgonjwa wa figo, tatizo liko kwenye homoni inayosimamia madini ya mfupa, mpeleke kwa madaktari wa magonjwa ya ndani.

Ukichukua kipande, kiweke kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake angalau mara kumi ya kipande. Usiweke kwenye spiriti wala maji ya chumvi. Na filamu iende pamoja nacho, maana anayesoma darubini bila picha anasoma nusu.

Picha kubwa zaidi, lini?

CBCT, picha ya pande tatu ya taya, huonyesha mambo ambayo filamu haiyaonyeshi: ganda la nje lililotoboka, mfereji uliosahaulika kwenye gego la juu, umbali hadi kwenye neva. Ninaiomba nikiwa na swali ambalo jibu lake litabadilisha nitakachofanya, kama vile kabla ya upasuaji, au picha mbili za pembe tofauti zikipingana. Siiombi ili nijue granuloma au sisti, kwa sababu weusi wake nao haupimi aina ya nyama kwa uhakika. Nauli ya kwenda mjini, gharama ya kipimo na mionzi iliyo mingi kuliko ya filamu ndogo, vyote anabeba mgonjwa.

Ultrasaundi imekuwa faraja yangu isiyotarajiwa, kwa kuwa hospitali zetu nyingi tayari zina mashine ya wajawazito. Miaka ya mwanzo ya 2000 Elisabetta Cotti na wenzake wa Italia walionyesha kwamba kama ganda la mfupa limekuwa jembamba au limetoboka, kifuko cha maji huonekana cheusi tupu bila mtiririko wa damu ndani, na granuloma huonekana yenye chembe na mishipa inayopitisha damu. Weka kichwa cha mashine juu ya mdomo au shavu sawasawa na ncha ya mzizi. Ganda likiwa nene huoni kitu. Haina mionzi, na jirani yangu wa radiolojia hunipigia bila kunung'unika.

Kurudi kuangalia

Baada ya kujaza mfereji, nampigia mgonjwa picha miezi 6, kisha mwaka mmoja. Napima kwa ngazi tano za Ørstavik na wenzake, za mwaka 1986: 1 ni mfupa mzima, 5 ni doa kubwa lenye dalili za kuzidi. Hoja ni kuona inashuka. Doa la milimita 10 lililopungua hadi 7 baada ya mwaka linapona, mpe muda, hata miaka minne. Lililobaki vile vile au kuongezeka kwa mwaka mzima linahitaji kutazamwa upya: mfereji uliosahaulika, mzizi uliopasuka, sisti iliyojifunga, au jina la kwanza halikuwa sahihi. Na baada ya upasuaji wa ncha unaweza kubaki weusi mdogo wa kudumu, wenye umbo lisilo sawa, uliokaa mbali kidogo na mzizi, huku lamina dura imerudi. Hilo ni kovu, usimfungue mtu tena kwa ajili yake.

Picha mbili zinalinganishwa tu kama zimepigwa kwa namna moja. Kwenye bahasha ya kila filamu naandika tarehe, namba ya jino, bomba lilikuwa limeelekea wapi, sekunde za mionzi, nyuzi joto za developa, na pembeni, kwa wino mwekundu, barafu ilijibiwa au haikujibiwa.